Hasira ya bosi inajua kuchagua watu

Mimi ni meneja wa operesheni kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, mwaka wa 11 huu, na miaka kama minne ya mwanzo nilikuwa mtu wa kufoka. Sisemi mara mojamoja, nasema kila siku. Faili likichelewa nafoka, dereva hapokei simu nafoka, na nilikuwa naamini kabisa kwamba bila hivyo kazi haiendi, maana bandarini muda ni hela, kontena likikaa, shipingi laini, yaani kampuni ya meli, wanachaji demareji kwa kontena lao na huku bandari au bandari kavu nao wanachaji storeji kwa nafasi yao, zote mbili zinatembea kwa pamoja usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Kwa hiyo hasira niliiona kama vifaa vya kazi, kama reflekta na kofia ngumu.

Ikaja ishu ya kontena 3 za vigae, za futi 20. Kijana wetu wa nyaraka, dogo makini tu, Jumatatu aligundua uzito uliopo kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, haulingani na wa kwenye pakingi listi, yaani orodha ya vilivyofungashwa, na drafti ya BL, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, ilikuwa imepita mikononi mwake akaithibitisha hivyohivyo. Hili kosa linarekebishika jamani. Unaenda shipingi laini, wanaomba manifesti irekebishwe, forodha wakishapitisha unaendelea na kazi, ila lazima uanze mapema. Mimi nimekuja kujua Ijumaa saa kumi jioni, tena nimeambiwa na mteja mwenyewe aliyepiga simu kuulizia mzigo wake.

Nilifoka siku ile mpaka koo likakauka. Lakini kilichoninyong'onyeza kilikuja baadaye, nilipouliza nani mwingine alikuwa anajua nikakuta wanajua ofisi nzima. Mhasibu anajua, madereva wanajua, mpaka dada anayetupikia chai anajua. Siku nne zote walikuwa wanahangaika naye kimyakimya kumtafutia mtu wa kumsaidia, wamenificha mimi peke yangu, na mimi ndio niliyekuwa na namba ya mtu ambaye angetuanzishia hiyo kazi Jumatatu ileile.

Yule mhasibu ni mama mtu mzima, namheshimu kama mama yangu. Akafunga mlango akaniambia, mwanangu, hapa mlinzi wa getini ndio anatupa hali ya hewa. Ukifika asubuhi ukabamiza mlango wa gari, anatuma meseji kwenye grupu, basi siku hiyo hakuna mtu anakuletea faili lenye shida. Kumbe kulikuwa na grupu la ofisi ambalo mimi simo. Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nahesabu ni mafaili mangapi yameshawahi kulala kwenye droo kwa sababu tu nimeamka vibaya.

Na kuna kitu kingine nilikigundua usiku uleule, hiki ndicho ninachotaka mameneja wenzangu mkishike. Ijumaa ileile mteja alinitolea maneno makali sana kwenye simu, mimi nikamjibu "samahani mzee, tunalifanyia kazi". Mkurugenzi naye akanibana, nikatulia kama mwanafunzi. Nimekata simu, dakika mbili tu, namrukia dogo. Sasa kama nilikuwa siwezi kujizuia, mbona kwa wale wawili niliweza? Hasira yangu ilikuwa inajua cheo. Watu wengi wanasema "mimi ndivyo nilivyo, nina hasira za karibu", mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo, lakini ukijiangalia vizuri utakuta hizo hasira hazijawahi kumfikia mtu mwenye uwezo wa kukuondoa kazini.

Nilichofanya cha kwanza ni kuomba msamaha, na niliomba palepale nilipofokea, mbele ya watu walewale. Hili usilikwepe. Ukimtukana mtu mbele ya wenzake halafu ukamwomba radhi ofisini kwako mmejifungia, wenzake wamebaki na tusi tu, msamaha hawakuusikia. Na usitegemee makofi, mimi walikaa kimya wote wakarudi kwenye meza zao, ilichukua miezi ndio wakaanza kuniamini.

Cha pili ni kukaa. Sisi tuliokulia madrasa tumefundishwa Hadithi ya Mtume kwamba ukishikwa na hasira umesimama basi kaa, isipoondoka jilaze, na nilikuwa naijua tangu utotoni bila kuitumia hata siku moja. Siku hizi mtu akija na tatizo namwambia vuta kiti, na mimi nakaa. Yaani ni ngumu kufoka mmekaa magoti yanakaribia kugusana. Halafu nauliza mambo ya mzigo kwanza: umejua lini, nani mwingine anajua, leo tunaokoa nini. Swali la nani kakosea linasubiri mpaka kontena litoke, na likitoka utashangaa unaliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Karipio lipo, barua ya onyo ipo, mimi natoa mpaka leo. Kuacha kufoka hakujanifanya nivumilie uzembe.

WhatsApp ndio hatari zaidi. Voisi ya dakika mbili uliyoituma kwenye grupu la watu 40 saa nne usiku, hata ukiifuta watu wameshaisikia na kuisambaza, mke wa mtu anaisikia mume wake anavyoitwa. Ukiwa umekasirika usitume chochote, andika kwenye daftari, asubuhi soma kama bado unataka kukisema.

Na kufukuza mtu kwa hasira, tafadhali sana. Mwaka 2018 meneja mwenzangu wa kampuni nyingine alimwambia msimamizi wa upakiaji "toka, kesho nisikuone", na jamaa kweli alikuwa na makosa, ila huo mdomo ndio ulioiponza kampuni. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka mtu aelezwe tuhuma zake, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, asikilizwe, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Jamaa akaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 kama sheria inavyotaka, na wakati ule fidia ya kuachishwa isivyo halali ilikuwa haipungui mishahara ya miezi 12, mwajiri akaona bora wamalizane kwenye usuluhishi kwa hela. Sentensi moja tu ile!

Kama wewe ndio unayefokewa, sina mengi, ila usijibishane palepale. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, kesho yake mfuate akiwa ametulia mwambie "bosi jana uliponiambia vile mbele ya wenzangu niliumia". Mimi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa miaka minne, na siwalaumu.

Bado inanipanda, hasa mwisho wa mwaka mizigo inapokuwa mingi na usingizi mdogo. Nikijua nimeamka vibaya nanywa chai kwanza kabla ya kushika simu, nikifika nakaa kwenye gari dakika tano ndio nashuka. Yule mlinzi bado yupo getini. Zamani alikuwa ananipigia saluti tu anaangalia chini, sasa hivi nikishusha kioo anaanza na matokeo ya Yanga jana usiku, na mimi nasimamisha gari namsikiliza mpaka amalize.