Unyevu Kwanza: Kwa Wanaoanza Kuvuna Umeme wa Msuguano kwa Selulosi

Wengi wanaoanza kutengeneza nanojenereta za msuguano, yaani vifaa vidogo vinavyogeuza mgusano na mwendo kuwa umeme, kwa selulosi (dutu inayounda nyuzi za mimea) ya mkonge, pamba au mbao huvutwa na volti. Selulosi ikigusana na tefloni kisha zikatenganishwa, selulosi hubaki na chaji chanya kwa kuwa huachia elektroni kwa urahisi, na mwendo huo ukirudiwa umeme hupita kati ya elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) zilizo nyuma ya matabaka hayo mawili. Tangu Zhong Lin Wang na wenzake wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walipoitangaza teknolojia hii mwaka 2012, kupata mamia ya volti si ajabu tena, ila mkondo wake mara nyingi ni wa mikroampia (sehemu za milioni za ampia) tu. Kwa hiyo pimeni nguvu kwa rezista za viwango mbalimbali, na mtumie elektromita (kipimo chenye ukinzani mkubwa sana), kwani osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, yenye probu ya omu milioni 10 hushusha volti za kifaa ambacho ukinzani wake wa ndani nao ni wa mamilioni ya omu.

Ninalowasihi zaidi ni unyevu. Selulosi imejaa vikundi vya haidroksili (atomu ya oksijeni iliyoungana na ya hidrojeni) vinavyovuta maji, na maji hayo yakishatanda juu ya tabaka, chaji huvuja kabla haijavunwa. Kifaa kilichofanya kazi vizuri katika chumba chenye kiyoyozi kinaweza kushindwa kabisa Tanga au Dar es Salaam, ambako asubuhi unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 80. Jaribio hili lisingoje mwisho wa utafiti, wala halihitaji mashine ya gharama: katika sanduku lisilopitisha hewa, wekeni bakuli la maji yaliyotiwa chumvi ya mezani hadi nyingine ibaki bila kuyeyuka, na hewa ya ndani itatulia karibu na asilimia 75 kwenye nyuzijoto 25. Magnesi kloridi itawapa karibu 33, na potasi salfeti karibu 97. Iacheni sampuli humo usiku kucha, maana selulosi hunywa maji polepole na vipimo vya dakika za mwanzo ni vya kifaa kikavu.

Kuhusu joto, selulosi huvunjika kwa kasi karibu na nyuzijoto 300, lakini chaji hupungua mapema zaidi, kwa kuwa elektroni hutoroka kwenye uso uliopashwa moto.

Wapo wanaofunika kifaa chote kwa plastiki. Ikiwa selulosi ilichaguliwa ili kifaa kioze baada ya kazi, ganda hilo limeiondoa sababu yenyewe. Naona ni afadhali kuubadilisha uso wa selulosi kwa kemia, haidroksili zipungue, kisha kurudia vipimo katika sanduku lilelile na kuandika unyevu na joto kando ya kila kipimo.