Unaenda fildi ya picha za habari? Usifute kitu chochote kwenye picha

Mkuu, weka pembeni kwanza mambo ya lenzi na posho. Umesema umepata miezi mitatu ya mafunzo kwenye dawati la picha la shirika la habari, unatokea kwenye picha za harusi, na unauliza ununue lenzi gani, posho ikoje na kitambulisho kinapatikanaje. Halafu mstari wa mwisho, kama jambo dogo tu, unasema utakuwa "unazisafisha" picha kabla ya kumtumia mhariri, utoe nyaya na chupa za maji mezani ili aone unaijua kazi. Usithubutu. Kosa hilohilo ndilo lililonifungia mlango, na sikupewa nafasi ya pili.

Kwenye picha ya habari, kufuta chupa na kufuta mtu ni kosa moja. Mpiga picha Narciso Contreras alikuwa kwenye timu ya shirika la habari la Marekani, AP, iliyopata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer kwa picha za vita vya Syria. Mwaka 2013 alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyoingia kwenye kona ya picha, chini kushoto, akapaziba kwa vipande vya ardhi ya jirani. Kikamera tu, tena pembeni! Januari 2014 AP ikaachana naye na kuondoa karibu picha zake 500 kwenye maktaba, ingawa zilipokaguliwa ni hiyo moja tu iliyokutwa imeguswa. Shirika jingine la habari, Reuters, mwaka 2006 liliondoa picha 920 za mpiga picha wake Adnan Hajj kwa sababu ya picha mbili alizozichezea. Picha ya shirika inaingia vyumba vingi vya habari kwa mpigo. Ikigundulika si ya kweli, shirika linalazimika kuwaandikia wateja wote wasiitumie. Baada ya aibu hiyo hakuna mhariri atakayekutetea, hasa wewe wa fildi.

Wanaoniudhi ni hawa mafundi wa studio na walimu wa mitandaoni wanaohubiri kwamba picha mbichi haiuziki. Wanafundisha harusi halafu wanaita upigaji picha wote. Bibi harusi akitaka chunusi zitoke, zitoke, picha ni yake. Msomaji wa habari hakuwepo pale, anategemea macho yako.

Na usidhani hawatajua. Mkutano na waandishi una kamera kumi zimepangana; picha ya jirani yako itaonyesha chupa ambayo kwako haipo. Ikuze picha yako hadi asilimia 200, utaona maua ya kitambaa cha meza yamejirudia mapacha pale ulipopitisha brashi. Mhariri ataomba faili la RAW, yaani picha mbichi kama kamera ilivyoirekodi, kutoka kwenye kadi, na mazungumzo yataishia hapo.

Unachoruhusiwa ni kukata kingo, kunyoosha mlalo, kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, na kuondoa doa la vumbi la sensa. AP hairuhusu hata kutoa wekundu wa macho unaoletwa na fleshi. Kile kifutio cha akili bandia kwenye simu, kisahau kabisa.

Chupa inakukera? Ishinde kwa miguu. Fika nusu saa kabla, uchague nafasi. Panda kigoda au inua kamera juu ya kichwa, chupa itashuka chini ya kidevu cha msemaji. Ukipiga goti ndiyo itampanda usoni. Maikrofoni imeziba mdomo? Sogea hatua mbili kando, au subiri ageukie upande wa anayeuliza swali. Ukiwa na lenzi ya milimita 200 kwenye f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, kilicho karibu nawe kinayeyuka chenyewe kwa ukungu. Usisogeze vitu mezani, wala usimwombe waziri arudie kupeana mkono, maana hilo nalo ni kutunga tukio.

Piga RAW na JPEG (picha ambayo kamera yenyewe imeshaitengeneza) kwa pamoja, kadi zote mbili zikirekodi, na saa ya kamera ilingane na ya simu. Mwanga na rangi vipatie palepale kwenye kamera, kwa sababu tangu Novemba 2015 Reuters inawataka wapiga picha wa kujitegemea watume JPEG ya kamera, si iliyotengenezwa kutoka RAW. Kazi ifanyie kwenye nakala, na kadi usiifute mpaka mhariri akubali. Majina yaandike kwenye daftari kuanzia kushoto kwenda kulia, ukiwauliza wenyewe herufi.

Lenzi chukua 70-200 ya f/2.8, hata mtumba. Na zile picha za mfano ulizosema utawapelekea Jumatatu, zipitie leo usiku moja moja. Yoyote iliyopitiwa na kifutio, iondoe, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote.