Maswali ya Wasomaji: Mirihi haina ngao ya sumaku, anga lake huwakaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba aurora, ile mianga ya rangi inayoonekana angani karibu na ncha za Dunia, hutokea kwa sababu uga sumaku wa Dunia huelekeza huko chembe zinazotoka kwenye Jua. Sasa nimesikia kwamba hata Mirihi ina aurora, ilhali haina uga sumaku kama wetu. Inawezekanaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ulichofundishwa ni kweli, ila tutenganishe mambo mawili. Uga sumaku hautoi mwanga. Kazi yake ni kuongoza njia. Mwanga wenyewe hutoka kwenye hewa, pale elektroni na protoni ziendazo kasi zinapoigonga na kuiachia nishati ambayo hewa hiyo huitoa tena kama nuru. Palipo na chembe hizo na hewa ya kugongwa, aurora yaweza kutokea, na uga sumaku huamua tu itatokea upande gani.

Mirihi ilipoteza uga wake mkuu takriban miaka bilioni 4 iliyopita. Yamebaki mabaka ya usumaku katika miamba yake, hasa upande wa kusini, na juu ya mabaka hayo huonekana aurora ndogondogo. Dhoruba ya Jua, yaani mmiminiko mkubwa wa chembe kutoka kwenye Jua, inapofika, hata hivyo, chembe huingia kutoka kila upande, na anga la sayari nzima huweza kuwaka. Chombo cha MAVEN, kilichokuwa kikiizunguka Mirihi, kiliona aurora ya namna hiyo, iliyotapakaa mbali na mabaka, mnamo Desemba 2014, lakini kwa miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Ilibidi kungoja hadi Machi 2024 ndipo gari la Perseverance, likiwa juu ya ardhi ya Mirihi, lilipopiga picha ya anga la usiku lenye ukijani hafifu. Ukijani huo hutolewa na atomi za oksijeni, na ni ule ule unaoonekana Norwei na Kanada. Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa picha zenye thamani kubwa kupata kuletwa kutoka huko, japo kwa kuitazama tu haina madoido.

Mshtarii ni kinyume chake kabisa. Uga wake sumaku ni mkubwa kuliko wa sayari nyingine yoyote ya Jua letu, na aurora zake hazizimiki hata Jua likiwa limetulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya chembe zake hutoka kwenye volkano za Io, mwezi wake mmoja, ambazo humwaga angani takriban tani moja ya gesi ya salfa kila sekunde. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na mzunguko huo huikokota gesi hiyo na kuipa nguvu. Huko dhoruba ya Jua haiwashi taa. Huikuta inawaka na kuiongezea mwanga.

Turudi Mirihi, kwani huko ndiko binadamu anakotarajia kwenda. Tarehe 20 Mei 2024 Jua lililipuka kwa nguvu kubwa, na chembe zilipofika Mirihi, picha za kamera za gari la Curiosity zilijaa vidoa na michirizi myeupe, kila kimoja kikiwa alama ya chembe iliyopiga kamera yenyewe. MAVEN, ikiwa juu, iliona aurora siku hizo hizo. Mtu ambaye angekuwa amesimama kando ya gari lile angepata mnururisho, yaani mionzi inayopenya mwilini, wa mikrogrei 8,100, sawa na kupigwa eksirei ya kifua mara 30. Kiasi hicho hakiui, lakini mwanaanga atakayeona anga la Mirihi likigeuka kijani inampasa atafute kwanza pa kujikinga, chini ya genge au ndani ya pango, kabla ya kukaa kulitazama.