Maswali ya wasomaji: chombo kidogo cha kuweka ku meza

Tangu tuweke mu gazeti ile foto ya mutumbwi mudogo wa sentimeta 40 niliotengeneza, mfano wa ile ya kuvua sambaza, bale samaki badogo ba ziwa, barua zimeingia mingi kuliko za mapishi, na mapishi njo inashindaka kila mwezi. Siwezi jibu zote. Nimechagua nne, na moja niliifupisha juu ilikuwa kurasa tatu na michoro ndani, musomaji anisamehe.

Yaya, jambo sana. Niko na miaka 19, ninakaa Goma, Himbi. Niko najenga Titanic ya kartoni, nataka kila dirisha ionekane. Nilianza na upande wa mbele tu na sasa hiyo mbele peke yake imekuwa kubwa kuliko kitanda changu, mama anasema nitoe ama atawashia moto. Nilikosea wapi?

Mudogo wangu, ulikosea pahali pamoja tu, ulishika makasi mbele ya kushika kalamu. Titanic ilikuwa mita 269 urefu na mita 28 upana. Ukiigawa kwa 100, ile eskeli (kipimo cha kupunguza) batu wengi banaipenda juu hesabu yake ni rahisi, unapata mita 2 na sentimeta 69, na hiyo haipite ku mulango, hata mama akiwa mupole. Ndiyo maana bale banaotengeneza meli kubwa banatumiaka 1/350, hapo inakuwa karibu sentimeta 77, ama 1/700 ambayo ni nusu yake, sentimeta 38, inakaa juu ya televizyo bila shida. Lakini sasa angalia na upande ingine: ku 1/350 mutu mwenye mita 1 na 75 anakuwa na milimeta 5, sawa punje ya muchele. Dirisha ya duara ya meli itakuwa katundu ka sindano. Kwa kartoni na makasi hautazikata, utazichora na kalamu, na hakuna aibu.

Kama uliniuliza mbele ya kuanza ningekuambia uache Titanic kwanza. Unakaa Goma! Shuka ku ziwa asubuhi wakati bavuvi ba sambaza banarudi, utaona ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu, nyavu katikati, na taa zinaning'inia. Omba ruhusa, peleka kamba yenye mafundo kila nusu mita, pima urefu, pima upana, pima kutoka mutumbwi moja mpaka mwenzake, pima ile miti. Andika yote mu kaye. Ukipata mita 8, ku eskeli ya 1/20 ni sentimeta 40, basi. Na jambo lenye kunifurahisha sana mu kazi hii njo hilo: chombo ukishaigusa na mukono, ukajua kamba imefungwaje na mbao imeoza wapi, mukono unakumbuka hata kama foto imesahau. Titanic hakuna mwenye ataigusa tena, iko chini ya bahari karibu mita 3,800. Hiyo mbele uliyomaliza usiitupe lakini, kata vizuri, itakupa kartoni ya kazi mwaka muzima.

Ndugu mwandishi, mimi ni fundi mbao wa Kadutu hapa Bukavu, nimefanya milango na vitanda miaka mingi, mukono haunisumbui. Lakini zile mbao ndogo ndogo za ubavu wa chombo zinanitia aibu mbele ya batoto bangu. Zikifika mbele pale panapofunga zinavunjika ama zinapandana, na nikimaliza chombo kizima kimepinda kama ndizi. Natumia eukaliptus ya milimeta 3.

Muzee wangu, salamu na heshima nyingi, naona haya kumufundisha fundi mbao, lakini umeuliza. Una matatizo matatu na yanajifanya moja.

Ya kwanza ni hiyo eukaliptus. Milimeta 3 ku chombo cha eskeli 1/50 ni sawa ubao wa sentimeta 15 ku chombo cha kweli, sasa hiyo nani angeikunja? Shuka mpaka milimeta 1. Mimi natumiaka bambu, natafuta kipande kati ya fundo na fundo ile isiyo na jicho, napasua na kisu, nasugua na papiye vere (karatasi ya msasa) mpaka karibu nione mwanga. Naloweka mu maji ya moto nusu saa. Kisha kopo tupu la nyanya linakaa juu ya babula (jiko la makaa), na ile mbao yenye maji unaitelezesha juu ya kopo na vidole gumba viwili, pole pole, inatoa mvuke inalia fsss, na kuna wakati unasikia kabisa imelegea mu mukono kama mukanda wa ngozi. Hapo njo unakunja. Ukiharakisha kabla ya huo wakati inavunjika, ukichelewa inaungua na rangi ya kahawia inabaki. Ipinde kidogo kuzidi unavyotaka juu ikipoa inarudi kidogo, kisha ifunge ku chombo na pensi za kuanikia nguo mpaka kesho, bila kola (gundi). Kola ni ya siku ingine, mbao ikishakauka, kama sivyo itarudi ndogo na utaona mistari ya mwanga kati ya mbao na mbao.

Ya pili, kupandana. Hii hata bafundi bakubwa inabashikaka. Chombo ni kinene katikati na chembamba mbele, lakini hesabu ya mbao ni moja, kwa hivyo kila ubao lazima upunguke upana ukienda mbele, hauwezi kubaki sawa kama wa mulango. Kata kikaratasi chembamba, kizungushe juu ya taruma la katikati (taruma ni mbavu ya ndani ya chombo) kutoka juu mpaka ku mkuku, ule ubao murefu wa chini, pima. Tuseme ni milimeta 60 na mbao zako ni za milimeta 5, basi ni mbao 12. Sasa kizungushe juu ya taruma la mbele, tuseme 36. Gawa kwa 12, ni milimeta 3. Kwa hivyo kila ubao unaanza na 5 katikati na unamalizika na 3 mbele, unapunguza na wembe na rula ya chuma. Ikitokea hesabu inakupa chini ya nusu ya upana, usilazimishe, ncha itakuwa kama mwiba na haishike kola. Malizia ubao moja njiani na ubao wa jirani uchukue nafasi yake, hata vyombo vikubwa vinafanyiwaka hivyo. Chora alama ya kila ubao ku kila taruma na kalamu ya risasi mbele ya kuanza, utanishukuru.

Ya tatu, ndizi. Nina hakika kabisa ulimaliza upande moja kwanza kisha ukageukia ingine. Ni tabia ya kitanda. Mbao yenye kukauka inavuta, na kama kushoto kuna mbao 12 na kuume hakuna kitu, mkuku unafuata mwenye nguvu. Ubao moja kushoto, moja kuume, moja kushoto, moja kuume, mpaka mwisho, na mkuku ufungwe ku ubao mukubwa ulionyooka wakati wote wa kazi. Kile kilichopinda hakinyooshwi, Muzee. Nimejaribu na maji, nimejaribu na jiwe juu, kiko bado ku dirisha yangu, kimekuwa cha kuweka kalamu.

Kaka, mimi ni mama wa Katuba, Lubumbashi. Mutoto wangu wa miaka 14 anajua kutengeneza motokari ya nshinga (waya) vizuri sana, sasa ameona meli mu simu anataka meli. Sina neno, lakini huku kwetu ziwa haiko, meli ya nini? Na hii bintu ya kola na wembe haina hatari?

Mama, aksanti kwa barua. Nianze na hatari juu ni fupi. Kola nyeupe ya mbao haina shida, mupe. Superglu usimupe kwanza, na siku akiitumia dirisha iwe wazi na asipanguse na pamba kamwe. Mimi nilipangusa na pamba, ile kola na pamba vikikutana vinapata moto vyenyewe, moshi ukatoka na kidole changu kikapata malengelenge kama nimeshika sufuria. Wembe akate akivuta mbali na mukono mwingine, na wewe ukiwa karibu. Basi.

Sasa hiyo ya "meli ya nini". Mama, Lubumbashi meli zilipita! Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Baingereza balitaka kuwapiga Bajerumani ku ziwa Tanganyika, bakaleta vyombo viwili vidogo vya mota, mita 12 hivi kila kimoja na upana mita 2 na nusu kasoro kidogo. Mukubwa wao, Spicer-Simson, alitaka kuviita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa zake bakakataa, akaviita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha batoto ni paka na mbwa vilevile. Mimi! Nafikiria muzee mu njia anauliza hiki chombo ni cha nani na anajibiwa "Mimi". Vilitoka Cape Town na treni, vikapita kwenu pale, wakati ule mji unaitwa Elisabethville, mpaka Fungurume reli ikaisha. Kutoka Fungurume vikavutwa na trakta za mvuke na ng'ombe mu milima ya Mitumba mpaka Sankisia, treni tena mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, treni tena mpaka Lukuga, yaani Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 vikakamata chombo cha Bajerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi kikashiriki kuzamisha cha pili, Hedwig von Wissmann. Kingani walikipa jina Fifi, majina yao yote yalikuwa hivyo.

Kwa hivyo mutoto atengeneze Mimi. Ku eskeli ya 1/25 ni nusu mita kasoro sentimeta moja, upana sentimeta 10, muzinga mudogo mbele na bunduki ya mitraleze nyuma. Mukono wa nshinga ni faida kubwa kuliko anavyofikiri: mataruma yote anaweza kuyakunja na nshinga mu siku moja, afunike na kartoni ya biskuti vipande vipande, apake kola nyeupe yenye maji tabaka tatu, asugue, rangi. Tena, kama anapenda kazi ya nshinga kabisa, asimalizie na chombo, atengeneze na ile gari ya kukibeba na ng'ombe mbele. Hiyo ningeilipia ningeiona.

Akikua ajaribu Liemba, ile meli Bajerumani balijenga kwao Papenburg mwaka 1913 kwa jina Graf von Goetzen, bakaifungua vipande mu masanduku mpaka Kigoma, bakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikatolewa mu maji mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Zile misumari ya ubavu wake, nukta nukta, zinatokaka vizuri ukibonyeza kopo la soda kwa nyuma na biki isiyo na wino.

Yaya, chombo changu kizuri ku meza, lakini mu maji kinalala ubavu mara moja. Musomaji, Bukavu.

Kimekuwa chepesi chini na kizito juu, kwa sababu milingoti na rangi na bendera zote umeweka juu. Ukigawa urefu kwa 20, uzito unagawa kwa 20, tena kwa 20, tena kwa 20, yaani kwa 8,000. Mutumbwi wa tani 2 unakuwa gramu 250, na hizo gramu nyingi zinatakiwa zikae chini kabisa, juu ya mkuku. Risasi za ndoano, nati, betri iliyokufa, chochote. Kiweke mu beseni mbele ya kufunga sitaha, ongeza nati moja moja mpaka kisimame, kisha njo ushikishe na kola.

Na usikipeleke ku ziwa siku ya upepo. Mawimbi hayajui eskeli: wimbi la sentimeta 15 pale Muhumba, hapo kwenu Bukavu, kwa chombo cha 1/20 ni wimbi la mita 3. Changu kilikwenda hivyo mbele ya macho yangu, mutoto moja aliyekuwa anaogelea akakifuata akakirudisha kimejaa maji, akaniomba franga 1,000, nikamupa 2,000.