Fundi anajibu: Oili gani niweke kwenye gari ya familia?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina sedani ya petroli, injini ya lita 1.8, imeshatembea kilomita 140,000, kazi yake ni kupeleka watoto shule na mimi kazini basi. Kwenye kifuniko cha oili pameandikwa 5W-30 ila fundi wangu miaka yote ananiwekea 20W-50, anasema gari ikishazeeka inataka oili nzito. Juzi muuza spea nae kaniambia hiyo 5W-30 ni kama maji, itaniulia injini. Nimsikilize nani? Mama wa watoto watatu.

JIBU: Dada yangu, sikiliza kifuniko. Waliounda hiyo injini ndio waliopima nafasi zote za ndani, wakachagua pampu, wakaamua oili ya uzito gani (yaani ugumu wake wa kutiririka) ipite humo, na maandishi yale hayajabadilika eti kwa sababu gari imetembea.

Ngoja nikufafanulie hizo namba maana zikieleweka hakuna atakaekuyumbisha. Namba ya kwanza, ile yenye W, inasema oili inatiririka vipi injini ikiwa ya baridi, na ikiwa ndogo ndio oili inawahi kupanda juu ukipiga stata asubuhi. Namba ya pili inasema inabaki na uzito gani ikishachemka, na kipimo kinafanyika kwenye nyuzi joto 100. Watu wengi wanadhani 5W-30 ni oili ya nchi za theluji tu, sio kweli, injini iliyolala usiku kucha ni ya baridi popote ulipo duniani ukilinganisha na nyuzi 100 za kazini.

Sasa hilo la "kama maji". Maji ya bomba yakipimwa utiririkaji wake kwenye nyuzi 20 yanapata sentistoki 1. Oili yenye namba 30, ikiwa imechemka kabisa, hairuhusiwi kushuka chini ya 9.3 kwa kipimo hicho hicho. Yaani hata ikiwa ya moto kiasi cha kukubabua mkono bado ni nzito mara 9 kuliko maji ya baridi. Muuza spea anaangalia inavyomiminika kutoka kwenye galoni, lakini injini haifanyi kazi kwenye galoni.

Na hiyo 20W-50 asubuhi kwa kawaida inakuwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, alafu inatakiwa ipite kati ya beringi na krenki (mti unaozungushwa na pistoni) kwenye nafasi ambayo ni sehemu chache tu za mia za milimita 1, nyembamba kuliko unywele wako. Wakati inajivuta, kemshafti na tepeti (vyuma vinavyofungua vali) huko juu zinasuguana zikisubiri, ndio ule mlio wa kugongagonga unaousikia sekunde za mwanzo. Kingine, injini nyingi za siku hizi zinageuza mda wa vali kwa kutumia presha ya hiyohiyo oili, kuna vali ndogo yenye chujio dogo sana, na oili ikiwa nzito kuliko ilivyopangwa mfumo unachelewa kuitika, gari inakuwa nzito, inakula mafuta, mara nyingine na taa ya injini inawaka na watu wanaanza kubadilisha sensa ambazo hazina kosa.

Fundi wako simlaumu sana, zamani injini nyingi zilijengwa na nafasi kubwa ndani na oili za wakati ule zilikuwa zinavunjika uzito haraka, kwa hiyo 20W-50 ilikuwa na maana. Hata leo kuna gari ambazo kitabu chake kina jedwali la oili kadhaa kulingana na hali ya hewa, ukikuta 10W-30 au 5W-40 imo basi hiyo nayo ni halali. Angalia jedwali la gari yako, sio la jirani.

Kurudi kwenye 5W-30 hakuna mambo mengi. Mwaga oili ikiwa ya vuguvugu, badilisha na filta, weka washa mpya kwenye nati ya kumwagia, jaza. Usikubali kuwekewa dawa ya kuoshea injini kwa gari ambayo imekaa miaka na oili nzito maana uchafu unaweza kubanduka kwa pamoja ukaenda kuziba chujio la pampu. Alafu mwezi wa kwanza pima oili kila wiki. Kama inashuka haraka ujue ringi au sili za vali zimechoka, na zilikuwa zimechoka tangu zamani ila uzito wa oili ulikuwa unakufichia. Kabla hujaambiwa ufungue injini mwambie fundi aanze na ile vali ya plastiki ya kupumulia injini, ikiziba gari inakula oili na yenyewe ni kitu kidogo tu kubadilisha.

SWALI: Fundi mambo. Kwenye galoni naona SL, SN, SP, nyingine CF, nyingine zote kwa pamoja. Gari yangu kitabu kinasema SM na siioni popote madukani. Nifanyeje?

JIBU: Chukua SN au SP kaka, uko salama kabisa. Hizo herufi ni za API, taasisi ya mafuta ya Marekani, S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli, na herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. SL ilianza 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kwa petroli kiwango kipya kinabeba kazi ya kilichotangulia, ila kurudi nyuma hapana, kwa hiyo anaeambiwa SN asinunue SL kwa sababu tu ipo karibu.

Kama sedani yako ina tabo na inachoma petroli moja kwa moja ndani ya silinda basi nakusihi usicheze, nenda SP. Injini hizo ukikanyaga mafuta ukiwa mwendo mdogo na gia kubwa mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo una nguvu ya kuvunja pistoni. Ilikuja kugundulika kwamba viungo vya kusafishia vilivyomo kwenye oili vinachangia, ndio maana SP inapimwa kwa tatizo hilo na pia kwa uchakavu wa taiming cheni, mnyororo unaozungusha kemshafti.

Gari za Ulaya usiishie kwenye API. Kitabu kitakutajia namba ya kibali cha kiwanda chenyewe, mfano VW 504 00 au MB 229.5, na namba hiyo lazima uione nyuma ya galoni. Nyingine zinataka oili yenye majivu kidogo ili kulinda masega ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi, ukikosea masega yanakufa taratibu bila wewe kusikia chochote. Na oili ya pikipiki usiweke kwenye gari, ile imetengenezwa kwa ajili ya klachi inayoogelea ndani ya oili.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi naweka sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani) ila nikimwaga naiona nyeusi tii, na kati ya servisi inapungua kama nusu lita. Kuna mtu kaniambia sintetiki haimwagwi, unaongezea tu. Ni kweli? Na nikikosa sintetiki naweza kuongeza ya kawaida?

JIBU: Marahaba. Hapana, sio kweli, na hili naomba mnisikilize kwa makini wote mnaosoma.

Niliwahi kuletewa sedani ambayo mwenyewe aliambiwa maneno hayohayo gereji fulani, akawa anaongezea tu, kilomita kama 25,000. Taa nyekundu ya oili ikawaka njiani. Nikavuta stiki ya kupimia, oili imefika kwenye alama ya juu kabisa! Nikafungua vali kava (mfuniko wa juu wa injini), ndani nikakuta tope jeusi kama lami limejaa mpaka kemshafti zinaonekana nusu, nikilikwangua kwa bisibisi linatoka mabonge. Nikashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), chujio la pampu limezibwa na tope lilelile. Oili ilikuwepo tele chini, juu haifiki hata tone. Mama wa watu alilia pale gereji na injini ilishakwisha.

Sintetiki inavumilia joto na inachelewa kuchakaa, ila viungo vyake vya kusafisha na kuzuia asidi vinaisha kama vya oili nyingine. Fuata kitabu, sedani nyingi kwa sintetiki ni karibu kilomita 10,000 au mwaka 1, kinachotangulia. Ya kawaida wengi wanamwaga kwenye 5,000. Kama safari zako ni fupifupi na foleni, au kuna vumbi sana, punguza maana injini haipati mda wa kuchemka ikakausha maji na petroli inayodondokea kwenye oili.

Weusi usikutishe, maana yake inabeba masizi. Wasiwasi uwe nao oili ikigeuka nyeupe nyeupe kama losheni, hapo pengine maji ya rejeta yameingia na gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukiona losheni kidogo tu chini ya kifuniko na gari inaenda safari fupi inaweza kuwa ni mvuke, lakini kwenye stiki ikionekana usiendeshe.

Nusu lita kwa kilomita 10,000 sio ugonjwa. Ongeza, na ukikosa sintetiki ongeza ya kawaida yenye uzito uleule na herufi zilezile, zinachanganyika bila shida, ila mda wa kumwaga usiuhesabu tena kama wa sintetiki tupu.

Kupima wengi wanakosea. Gari iwe sehemu tambarare, zima, subiri dakika 5 mpaka 10 oili ishuke, vuta stiki uifute, irudishe mpaka mwisho, vuta tena ndio usome. Kutoka alama ya chini mpaka ya juu kwa sedani nyingi ni kama lita 1, kwa hiyo ongeza kidogokidogo ukipima. Ukizidisha, krenki inaichapa oili inakuwa povu, na povu halilindi beringi, alafu linasukumwa kutokea kwenye sili.

SWALI: Taa nyekundu ya oili inawaka gari ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), nikikanyaga inazima. Naweza kufika nayo kwa fundi, ni mbali kidogo?

JIBU: Usiiwashe tena ndugu yangu. Pima oili hapo ilipo, kama imeshuka ongeza kisha uwashe uangalie. Kama imejaa na taa bado inawaka, ita gari ya kuvuta. Fundi aanze kwa kufunga geji ya presha kwenye nafasi ya swichi ya oili, kama presha ipo shida ni swichi, kama haipo ashushe sampu aangalie chujio.