Bunduki ya Zamani Pwani: Anza na Ubao, Darubini Baadaye

Baba mdogo alipofariki, aliacha bunduki ya kuwindia iliyomzidi umri: Mauser ya Kijerumani ya mfumo wa 98 yenye kipimo cha 9.3×62, aliyoipata zamani za usimamizi wake katika shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, mtengenezaji wa silaha wa Berlin, kwa ajili ya walowezi wa Afrika waliotaka risasi nzito lakini hawakuwa na fedha za kununua bunduki kubwa za gharama. Namba ya kwanza ni kipenyo cha kichwa cha risasi kwa milimita, na ya pili ni urefu wa ganda.

Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na bunduki. Silaha ilikabidhiwa polisi na kukaa huko hadi nilipopata leseni kwa jina langu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ndipo nilipofikiria habari ya matengenezo.

Hapo nikakosea. Nilikwenda moja kwa moja kununua darubini, kwa kuwa macho yangu si yale ya ujana. Mauser ya zamani haikuundwa kwa kufikiria darubini: mkono wa bolti, yaani kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu, ukiinuliwa hugonga darubini, na kizuizi cha usalama kilicho nyuma ya bolti husimama wima mahali darubini inapotaka kulala. Nililipia kukunja mkono wa bolti, nikalipia kizuizi kipya cha pembeni, nikaenda uwanja wa shabaha nikiwa na matumaini makubwa. Risasi tano zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, na ya sita ilinirudishia ukingo wa darubini juu ya nyusi, kovu ambalo mke wangu bado analiita leseni yangu ya pili. Bunduki ya kipimo hiki ina teke, kwa hiyo chagua darubini inayokuwezesha kuona vizuri jicho likiwa umbali wa angalau sentimita 9, hata kama iliyo na umbali mfupi zaidi inauzwa kwa bei ya kuvutia.

Fundi mzee mwenye leseni, niliyepelekwa kwake na rafiki, hakuitazama darubini hata kidogo. Alihakikisha bunduki ni tupu, akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na ubao, ile mbao inayoushika mtutu, akakivuta kuelekea chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Karatasi ilikwama katikati, upande wa kushoto. “Mwanangu,” akasema, “mti huu umekunywa masika ngapi?” Ubao wa bunduki kongwe, hasa ukikaa mwaka mzima katika hewa ya bahari, huvimba na kunywea kufuata majira, ukiugusa mtutu upande mmoja, mtutu ukipata moto husukumwa, na kila risasi huenda njia yake. Alipozifungua skrubu mbili zinazoshika chuma na ubao, ya mbele ilikuwa imelegea, na mbao ya nyuma yake ilikuwa laini kwa mafuta ya miaka mingi na imeanza kupasuka. Aliikata sehemu hiyo, akaijaza kwa gundi ya epoksi ili chuma kipate kitako imara, kisha akauchonga mfereji wa mtutu hadi karatasi ikapita bila kukwama. Kazi hiyo ilinigharimu chini ya nusu ya bei ya darubini.

Kabla ya hayo yote alipima chemba kwa geji na kuukagua ndani ya mtutu kwa taa. Msiiruke hatua hii, wala msijaribu kuifanya nyumbani, kwa maana chemba iliyolika hugeuza risasi nzuri kuwa hatari kwa uso wa mpigaji. Kulikuwa na vidoa vya kutu, lakini mistari ya ndani, inayoizungusha risasi, ilikuwa hai bado. Chanzo kilikuwa risasi za zamani: fataki za siku zile, yaani vile vidonge vya kitako cha risasi vinavyowasha baruti, huacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Dawa yake ni maji ya moto kwanza, kukausha kabisa, kisha mafuta.

Kwa watu wa Tanga habari ya risasi na maji ya chumvi si ngeni. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg ilishambuliwa na manowari ya Waingereza, ikazama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya mji. Wajerumani waliopoa shehena ya risasi, wakazifungua, wakakausha baruti, na bado nyingi ziligoma kulia. Kwa hiyo boksi la risasi lililokutwa chini ya kitanda cha babu lisijaribiwe, lipelekwe polisi.

Kitu kimoja nilikataa kukibadilisha, nacho ni ukucha mrefu unaolishika ganda. Ndio unaoifanya Mauser iaminike, mradi risasi ilishwe kutoka kwenye magazini. Ukiitumbukiza kwa mkono ndani ya chemba na kuilazimisha bolti, unaweza kuuvunja ukucha wenyewe.

Sasa bunduki inalala katika kabati lenye kufuli, nje ya mfuko wake wa ngozi unaohifadhi unyevu, na vifuko vya kukausha hewa nimeviweka pembeni. Kila masika ikiisha, kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai, narudia kipimo cha karatasi, nakaza skrubu ya mbele kwanza na ya nyuma baadaye, kisha napiga risasi tatu uwanjani kwa mita 100, nikiuacha mtutu upoe baada ya kila moja. Mwaka huu matundu yote matatu yalifunikwa na kisahani cha kikombe cha kahawa.