Basi la ghorofa na adabu zake

Wiki iliyopita mliuliza kama filamu za mapenzi za zamani zilikuwa na adabu kuliko za leo. Nilishajibu "ndiyo" moyoni kabla sijafika mwisho wa swali, kwa sababu ya filamu moja tu: Summer Holiday ya Waingereza, ya 1963. Vijana mafundi wa mabasi ya London wanapewa basi la ghorofa, wanaligeuza nyumba, wanateremka nalo hadi Athens huku wakiimba. Mmoja wao, anayeigizwa na mwimbaji Cliff Richard, anampenda binti aliyetoroka kwao na kujifanya mvulana.

Niliitazama kwa ami yangu, huko huko London, Jumapili ya mvua, biriani limeshaliwa. Ami alikuwa mstaafu wa gereji ya mabasi. Sisi tunamtazama Cliff, yeye analitazama basi. "RT hiyo!" alisema, akimaanisha aina ya basi lile la ghorofa. Kila basi lilipopanda mlima, mguu wake wa kushoto ulikanyaga zulia, maana kwenye RT gia unaichagua kwanza, halafu unakanyaga pedali ndipo inaingia. Alikanyaga mpaka mkewe akaisogeza meza ya chai. Haukupita muda akalalamika: dereva wa RT hukaa peke yake kwenye kibanda chake, abiria wote wako nyuma, kioo katikati. "Sasa huyu atamtongoza nani?"

Mkewe hakuinua hata macho kwenye kikombe. "Ndiyo maana ana adabu."

Tulicheka hadi tukakosa nusu ya wimbo. Lakini nikiandika sasa naona mke wa ami alisema kweli. Mama wa yule binti anakugeuza kutoroka kwa mwanawe kuwa habari ya magazeti, apate jina. Hiyo ni adabu? Na wimbo wa kusifu ukapera uliingizwa baadaye kwa sababu filamu ilikuwa imetoka fupi. Yaani hata msimamo wa kijana juu ya ndoa ulikuwa wa kujazia dakika.

Kwa hiyo niandikeni upande wa "hapana", ingawa filamu za leo sizitazami sana, pengine nazionea. Binti yangu akitaka filamu ya mapenzi nitamwekea hiyo hiyo. Ila nitakaa naye, hasa yule binti, na wasichana watatu walioharibikiwa gari njiani, wakishapanda, wakawa vijana wanane ndani ya basi moja.